Mama ameacha kula: je, kumwondolea mpira wa chakula na dripu ni kumuua kwa njaa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yetu ana miaka 71 na anaugua saratani ya umio, ambayo sasa imefika kwenye ini. Tupo naye nyumbani, Moshi vijijini. Kwa wiki mbili hali chakula. Akipewa kijiko cha uji anakibana mdomoni, au anageuzia uso ukutani. Hospitalini walimwekea mpira wa puani, akauvuta mara mbili, na dripu ilimvimbisha miguu. Daktari ameshauri vyote viondolewe, abaki na morfini na usafi wa mdomo. Kaka yangu anayeishi Uingereza amekataa kabisa. Anasema huko wazee waliuawa hivyohivyo kwa kunyimwa maji mpaka serikali ikapiga marufuku, na yuko tayari kulipia hospitali binafsi ili mama atobolewe tumbo na kuwekewa mpira wa kudumu. Baba mkubwa anasema Papa alikataza kumwondolea mgonjwa chakula. Mama mdogo analeta mtori kila asubuhi, na akirudishiwa chupa ikiwa imejaa analia. Mimi ndiye ninayemuuguza. Tukikubali ushauri wa daktari, tutakuwa tumemuua mama kwa njaa?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa kuuguza. Umeuliza swali moja lakini ndani yake mmo watu wanne, kila mmoja na hofu yake. Nitakujibu wewe kwanza, kwa kuwa ndiye unayeamka usiku. Kwa hali uliyoieleza, kuondoa mpira na dripu si kumuua mama kwa njaa. Nasema "kwa hali uliyoieleza" kwa makusudi, kwa sababu mpira uleule, kwa mgonjwa mwenye ugonjwa uleule lakini aliye katika hatua nyingine, ungeweza kuwa wajibu.

Niliwahi kumhudumia mzee mmoja mwenye saratani ya umio kama ya mama. Hata mate yalikuwa hayapiti, anayatema kwenye kopo, lakini alikuwa na njaa. Harufu ya ndizi za kuchoma ilipoingia dirishani, aliuliza zinauzwa shilingi ngapi. Alikuwa bado anakwenda msalani kwa miguu yake, ugonjwa ulikuwa haujasambaa, na alikuwa anasubiri mionzi. Huyo aliwekewa mpira wa tumboni, na kama tungemwacha bila mpira angekufa kwa njaa katika maana kamili ya neno hilo, kwa sababu mwili wake ulikuwa unadai chakula na ulikuwa na uwezo wa kukitumia. Kilichoharibika kilikuwa njia ya kupitia.

Kwa mama yako, njia ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Saratani inapofika kwenye ini na mgonjwa akawa wa kitandani, mwili huacha kukitumia chakula kama ulivyozoea. Kemikali zinazotokana na uvimbe na kinga ya mwili huondoa hamu ya kula na kuyeyusha misuli, na hata ukimmiminia maziwa na mayai kwa mpira, misuli ile hairudi. Tumbo nalo hupunguza mwendo; uji wa saa mbili asubuhi unaweza kukutwa umekaa palepale saa nane mchana, na hapo ndipo kichefuchefu, kutapika na kupaliwa vinapoanzia. Protini ya damu, ile inayozuia maji yasivuje nje ya mishipa, inakuwa imeshuka, na figo zimechoka. Ndiyo maana maji ya dripu hayakubaki kwenye damu ya mama, yakashuka miguuni. Yangeongezwa, yangeingia mapafuni na kooni, na mngeanza kusikia mkoromo wa maji ambao kila aliyewahi kukesha na mgonjwa anaujua.

Njaa yenyewe je? Mwaka 1994 madaktari nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 32 waliokuwa mwishoni mwa maisha na wenye fahamu ya kutosha kujieleza, ambao hawakulazimishwa kula wala kuwekewa dripu. Ishirini kati yao hawakuwahi kuhisi njaa, na 11 waliihisi mwanzoni tu kisha ikatoweka. Kiu na ukavu wa mdomo vilitulizwa kwa vitu vidogo: maji kidogo, vipande vya barafu, kulainisha midomo. Miaka 19 baadaye, mwaka 2013, ukachapishwa utafiti mwingine wa nchini humohumo uliowahusu wagonjwa 129 wa saratani waliokuwa chini ya huduma ya hospisi, yaani uangalizi wa wagonjwa walio mwishoni mwa maisha. Nusu walipewa lita moja ya maji kwa siku kwa dripu, nusu wakapewa mililita 100 tu, bila wao wala wauguzi kujua nani yuko kundi lipi. Hakukuwa na tofauti ya maana katika dalili za kupungukiwa maji, wala katika ubora wa maisha, wala katika siku walizoishi. Siegemei idadi hizi peke yake, kwa kuwa si kubwa. Nimezitaja kwa sababu zinalingana na ninachokiona vitandani.

Ila kiu ya mdomo ipo, tena inaweza kuwa kali, kwa kuwa mgonjwa anapumulia mdomo na morfini inakausha mate. Tiba yake haipiti kwenye mshipa. Inapita mikononi mwako. Kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, funga kitambaa safi cha pamba kidoleni, kichovye kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo sana, kikamue mpaka kisidondoshe, kisha umpitishie kwenye ufizi, ndani ya mashavu na juu ya ulimi. Ulimi ukiwa na utando mweupe mzito, mwambie muuguzi, kwa maana huenda ni fangasi na ina dawa. Midomo ipake mafuta ya mgando. Kama mnapata barafu, gandisha juisi ya nanasi iliyochujwa, uiponde, umwekee chembe moja chini ya ulimi. Nanasi husafisha mdomo na wengi hulifurahia hata wakiwa wamekataa kila kitu. Akitaka kunywa, mwinue kwa mito mpaka awe nusu ameketi, mpe maji nusu ya kijiko kidogo, tazama koo lipande na kushuka, ndipo umpe kingine. Akikohoa, mpumzishe. Hilo ndilo daktari wenu aliloliita usafi wa mdomo, na nakubali kwamba alivyolitamka inaonekana kama kitu cha kufutia machozi. Si hivyo. Ni kazi ya mchana kutwa, na inafanya zaidi ya chupa ya dripu.

Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji, yaani jema halingoji ruhusa, ulete tu. Ni methali ninayoipenda, na nimeiona ikiokoa wagonjwa wa malaria na wazazi waliotoka kujifungua, ambao wakiulizwa watasema hawataki na wakiletewa watakunywa. Lakini ilitungwa kwa ajili ya mgonjwa anayetarajiwa kuinuka. Kwa mama yako, uji ndicho kitu cha kwanza anachopaswa kuulizwa, na jibu lake liheshimiwe, hata kama jibu lenyewe ni kugeuzia uso ukutani. Hapa maneno nayo yanatuponza. Kaka yako anasema "kunyimwa", na kunyimwa ni kwa mtu anayetaka na akazuiwa. Mama akiomba maji usiku wa manane na mtu akasema daktari amekataza, huko ndiko kumnyima, na ni dhambi. Vilevile lugha yetu inatenganisha kuacha na kumwacha. Tiba mnaweza kuiacha leo. Mama hamtamwacha.

Sasa nije kwa kaka. Hasemi uongo, ila amesimulia nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, hospitali kuu ya chuo kikuu mjini Liverpool pamoja na hospisi ya Marie Curie ya mji huohuo walitunga mwongozo wa kumhudumia mgonjwa katika siku na saa zake za mwisho, ukaitwa Liverpool Care Pathway. Nia ilikuwa njema: kupeleka kwenye wodi za kawaida uangalizi uliokuwa ukipatikana zaidi kwenye hospisi, ule ambao Cicely Saunders aliupa sura mpya alipofungua St Christopher's mjini London mwaka 1967. Kwenye mikono ya waliofundishwa vizuri, mwongozo ule ulifanya kazi. Uliposambazwa nchi nzima, na hospitali zikawa zinalipwa motisha ya fedha kwa kuutumia, ukageuka kuwa karatasi ya kuweka alama za vema. Jopo lililoongozwa na Julia Neuberger lilitoa ripoti Julai 2013, na ndani yake mlikuwa na familia zilizokuta ndugu yao ameingizwa kwenye utaratibu huo bila wao kuambiwa, wagonjwa waliolazwa usingizi kwa dawa bila sababu ya wazi, na jamaa waliofokewa na wauguzi kwa sababu wamemnywesha mgonjwa maji. Iliagizwa utaratibu huo uondolewe ndani ya mwaka mmoja, na kufikia Julai 2014 ukawa umeondolewa.

Ukiisoma ripoti ile kwa utulivu, haisemi kwamba kila anayekufa lazima awekewe dripu mpaka pumzi ya mwisho. Inasema anayeweza kumeza na anataka kunywa asizuiwe, na kwamba kila mgonjwa awe na mpango wake mwenyewe unaotazamwa upya, na wenye mgonjwa waambiwe. Kilichowaua wale wazee kimaadili, kabla hata ya mwili, ni kwamba karatasi iliamua mahali ambapo mtu alipaswa kutazama. Kwa hiyo usimpime daktari wenu kwa kuwa ameshauri kuondoa mpira. Mpime kwa haya: Je, alimgusa mama kabla ya kusema? Alieleza kwa nini? Amesema lini yeye au muuguzi wake atapita tena, na mama akiamka kesho akasema "nina njaa", atabadilisha mawazo? Kama jibu la hilo la mwisho ni hapana, tafuteni daktari mwingine, na hapo kaka yako atakuwa amewasaidia.

Huenda pia kaka anaichanganya habari hii na ya Tony Bland. Huyo alikuwa kijana wa miaka 18, shabiki wa Liverpool, aliyebanwa kwenye msongamano wa uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield tarehe 15 Aprili 1989. Ubongo wake ulikosa hewa. Hakufa wala hakurudi, akabaki macho yanafunguka bila mwenyewe kuwa na habari, akilishwa kwa mpira wa puani. Februari 1993 majaji watano wa mahakama ya juu ya Uingereza waliamua kwamba kulishwa kwa mpira ni sehemu ya tiba, na tiba isiyomfaa mgonjwa inaweza kuondolewa. Alifariki tarehe 3 Machi mwaka huo, akiwa mtu wa 96 kupoteza maisha kutokana na mkasa ule. Mmoja wa majaji hao, Lord Mustill, alikiri ndani ya hukumu kwamba sheria inabaki na umbo lililopinda, kimaadili na kifikra. Nami sioni aibu kukiri kwamba kesi ile hainipi raha mpaka leo. Bland hakuwa anakufa. Moyo, mapafu na utumbo wake vilikuwa vya kijana, na angeweza kulishwa hivyo kwa miaka mingi. Kuuondoa mpira ndiko kulikoleta kifo, hata kama unaamini, kama ninavyoelekea kuamini, kwamba familia yake haikutenda ubaya. Mjadala huo ni mgumu kwelikweli, na watu wema wamesimama pande zote mbili. Lakini si mjadala wenu. Mama anakufa kwa saratani, akiwa na mpira au bila mpira, na mkiubeba ugomvi wa Bland mkauweka kitandani kwa mama mtagombana bure.

Baba mkubwa naye ana hoja, na anastahili kujibiwa kwa heshima. Ni kweli kwamba tarehe 20 Machi 2004 Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kuwa chakula na maji, hata vikitolewa kwa njia ya bandia, kimsingi ni uangalizi wa kawaida na ni wajibu. Alikuwa anazungumzia wagonjwa walio kama Bland. Na neno "kimsingi" halikuwekwa hapo kwa pambo. Maelezo yaliyotolewa na Vatikani mwaka 2007 yalifafanua kwamba wajibu huo upo kadiri chakula kinavyofikia lengo lake la kumlisha mgonjwa. Mwili ukishindwa kukipokea, au njia yenyewe ikawa mzigo mzito kwake, wajibu unakoma. Nyuma yake kuna mafundisho ya Pio wa Kumi na Mbili, ambaye Novemba 1957 aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kutunza uhai, si zile zinazomlemea kupita kiasi.

Wazazi wa Karen Ann Quinlan, Wakatoliki wa New Jersey, waliusimamia mstari huohuo. Mwaka 1976 walipata ruhusa ya mahakama kumtoa binti yao kwenye mashine ya kupumulia, kwa kuwa waliiona imepita kiasi, lakini mpira wa chakula hawakuomba kamwe uondolewe, kwa kuwa kwa hali yake ulikuwa unamlisha. Aliishi hadi Juni 1985. Kwa mama yenu mpira haumlishi tena, naye ameung'oa mara mbili. Mwombe baba mkubwa mwende pamoja kwa paroko na kumweleza hilo, kisha paroko aje na mafuta ya wagonjwa. Nina hakika atawatuliza kuliko mimi.

Wasomaji wetu Waislamu huniuliza swali hilihili, nami huwakumbusha kwamba mimi si mufti. Hata hivyo ipo hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah inayowakataza watu kuwalazimisha wagonjwa wao kula na kunywa, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ndiye anayewalisha na kuwanywesha. Wanazuoni wana maneno kuhusu nguvu ya sanadi yake, yaani mlolongo wa walioipokea, lakini nimewaona masheikh wakiitumia kuwapoza wenye mgonjwa. Na desturi ya kumdondoshea maji kinywani aliye katika sakarati ni usafi wa mdomo uleule nilioueleza hapo juu.

Kwa upande wa sheria, jihadharini. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 203, inamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata kama aliharakisha tu kifo cha mgonjwa, kwa kutenda au kwa kuacha kutenda. Kenya ina maneno kama hayo katika kifungu cha 213 cha kanuni yao. Maneno hayo ni mapana, na hayakuandikwa yakiwa na mpira wa chakula akilini. Sioni jinsi kuondoa kitu kisichomlisha mgonjwa kunavyoweza kuitwa kuharakisha kifo chake, lakini mimi ni daktari, si wakili. Kwa hiyo mwombeni daktari aandike kwenye faili ugonjwa umefikia wapi, mpira ulimfanyia nini, nani walikuwepo mlipozungumza na nini mlikubaliana. Karatasi hiyo inawalinda ninyi na yeye pia.

Kuhusu fedha za kaka. Kwanza niseme jambo ambalo kwenye semina zetu huwa tunalipita haraka. Wagonjwa wengi hapa kwetu hawaondolewi mipira na mashine kwa sababu mtu amekaa akapima maadili. Huondolewa kwa sababu bili imefika mahali familia haifiki, kisha tunasema "tumemrudisha nyumbani akapumzike". Kama sababu ya ushauri wa daktari wenu ingekuwa bili, ningekuambia pokea fedha ya kaka leo hii. Lakini kwa maelezo yako sababu ni mwili wa mama, na mwili haubadiliki kwa kuwa fedha imepatikana.

Mpira wa kupitishwa tumboni kwa kamera, bila upasuaji mkubwa, ulianza kutumika mwaka 1979 mjini Cleveland, Marekani, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto wa miezi michache tu. Ulitungwa kwa ajili ya watoto wasioweza kumeza ambao wana maisha mbele yao. Baadaye ukaenea kwa wazee, na mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2009 kuhusu wazee waliopoteza kumbukumbu kabisa hayakupata ushahidi kwamba uliwarefushia maisha. Kwa mama kuna la ziada: kamera ingelazimika kupita kwenye umio uliobanwa na uvimbe, na ikishindikana ni kupasuliwa. Kidonda kwenye tumbo la mtu ambaye mwili wake hauna cha kujengea nyama hakifungi. Atakufa hospitalini, mbali na kihamba chake, shamba la ukoo wake, akiwa na maumivu mapya yaliyolipiwa. Kaka akitaka kutoa, na ninaamini anataka kwa sababu umbali unauma, basi alipie godoro la kuzuia vidonda vya kulalia, alipie nauli ya muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, aje mara tatu kwa wiki, na zaidi ya yote ajilipie tiketi.

Morfini isisimamishwe kwa sababu mama hali. Nakutana na hofu hiyo karibu kila wiki. Dozi iliyopangwa kwa maumivu yake na kuongezwa hatua kwa hatua haimuui. Kinachotakiwa ni daktari kuitazama upya, kwa kuwa figo zikichoka dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Akifika mahali hawezi kumeza, muuguzi atakuonyesha namna ya kudondosha morfini ya maji kidogokidogo ndani ya shavu. Dawa ya presha, vidonge vya vitamini, kutolewa damu kila siku ya pili kwa vipimo ambavyo havitabadilisha lolote, hivyo viacheni bila kujilaumu. Kumgeuza kila baada ya saa chache, kumwogesha, kumfungulia dirisha, kumsomea, viendelee.

Kuna mtu mmoja ambaye barua yako haikumnukuu hata mara moja, naye ni mama. Umeniandikia kaka kasemaje, daktari kasemaje, baba mkubwa kasemaje. Amevuta mpira mara mbili, na inawezekana alikuwa amechanganyikiwa, lakini inawezekana pia alikuwa anajibu. Wagonjwa wengi huwa na dakika chache za uangavu asubuhi. Subiri hizo, watume watoto nje, kaa kitandani kwake, muulize kwa Kichagga, lugha aliyokulelea: kipi kinamsumbua zaidi, angependa uji au asiletewe, angependa kurudi hospitali au kubaki. Usimwulize kama anataka kufa. Hilo si swali la mtoto kwa mzazi, na halina kazi hapa. Atakachojibu, hata kwa kutikisa kichwa, kirekodi kwa sauti kwenye simu kama ataridhia, umtumie kaka. Nimeona ugomvi wa miezi ukimalizwa na sauti ya sekunde 20.

Akikataa kujibu au hawezi, na kaka bado hakubali, mnaweza kukubaliana na daktari arudishe maji kidogo, kwa sindano ndogo chini ya ngozi badala ya mshipa, kwa siku mbili tu, huku mkiandika mapema mnatarajia kuona nini: je, amechangamka, au miguu imevimba zaidi na kifua kimeanza kukoroma? Siku mbili zikiisha, mnatazama pamoja, kaka akiwa kwenye simu ya video. Sipendi sana njia hii kwa mgonjwa aliyekwisha kuvimba, lakini naikubali pale ambapo bila hiyo ndugu watazikana huku hawasemezani.

Na mtori. Usimwambie mama mdogo aache kuuleta. Mwache aje nao kama alivyozoea, afungue chupa karibu na kitanda ili mama apate harufu yake, achovye ncha ya kijiko kwenye mchuzi wa juu, ule mwepesi usio na nyama wala vipande vya ndizi, na amguse nacho mdomoni. Mama akifungua mdomo, apewe tone. Akifunga, kijiko kirudi, na wewe, ambaye nadhani hujala tangu jana, uketi hapohapo na dada wa mama yako mmalize chupa.